Maji Hupita, Chaza Hubaki



Mtakumbuka ya kuwa katika mkutano wetu mkuu uliopita lilizuka jambo la maji moto. Wachumaji walilalamika kuwa chungu hawa wamezidi juu ya mikarafuu, na kwamba wapo vijana wanaokataa kupanda miti mirefu kwa kuogopa kuumwa. Baadhi ya wanachama wakatoa rai kuwa Chama kinunue dawa ya kuulia wadudu kwa jumla, kiigawe kwa bei nafuu, na miti ipigwe dawa kabla ya msimu. Wengine walipinga, khasa wale wanaokaa karibu na pwani. Mwisho wa maneno Halmashauri ilipewa kazi ya kwenda kutazama kwa wenzetu, kisha kuleta shauri. Makala hii ni sehemu ya kazi hiyo.

Haifai kuficha kwamba mambo yalikwisha anza kabla ya mkutano. Msimu uliopita wanachama watatu walipiga dawa mashamba yao kwa bomba la mgongoni. Chini ya mashamba hayo upo mto mdogo unaoingia katika mikoko. Mvua ilinyesha usiku, na siku ya pili yake wanawake waliokwenda kuokota chaza walikuta kaa wamekufa na kamba wanaelea. Sheha alipata khabari siku ya tatu. Chupa ya maji ilijazwa siku ya sita, ikapelekwa kupimwa, na jibu lililorudi lilikuwa fupi: hakuna kitu. Waliopiga dawa wakasema, mwaona, ni mvua tu. Wanawake wakaondoka wakinung'unika, na tangu siku hiyo ipo mitaa miwili katika shehia ile ambayo haialikani harusi.

Basi swali tulilosafiri nalo lilikuwa hili: chupa ile ilikuwa shahidi wa kutosha?

SAFARI YA BARA

Wajumbe watano tulivuka hadi Dar es Salaam, na kutoka huko tukashika njia ya Morogoro kwenda Iringa na Mbeya. Tulichagua Nyanda za Juu Kusini kwa sababu mbili. Ya kwanza, wakulima wa huko wamezoea dawa za shamba kuliko sisi: wako wenye nyanya za Ilula, mpunga wa Usangu, na kahawa ya Mbozi, ambayo tangu 2016 imo katika Mkoa wa Songwe. Ya pili, sehemu kubwa ya maji ya huko mwisho wake ni bahari hii hii yetu, na mtu akitaka kujua khabari za pwani yafaa apande mlimani.

Tueleze njia ya maji hayo, maana wengi wetu hatukuijua. Mto Ruaha Mkuu hukusanya mito inayoshuka kutoka milima ya Poroto na Kipengere, kama vile Mbarali, Kimani na Chimala. Hupita ardhi ya majimaji ya Ihefu katika Usangu, ukakata Hifadhi ya Ruaha, ukapokea Ruaha Mdogo utokao upande wa mji wa Iringa, ukaingia bwawa la Mtera na kisha la Kidatu, na mwisho ukajiunga na Rufiji. Rufiji nao hupita Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa maji mwezi wa Disemba 2022, ukafika baharini kwa midomo mingi penye mikoko, kuelekea Mafia. Mkondo mkubwa wa bahari wa pwani yetu huelekea kaskazini, yaani upande wetu.

Lakini si maji yote ya nyanda hizo yatokayo huku. Yapo yanayokwenda Ziwa Rukwa, ambalo halina mlango wa kutokea. Ya Rungwe hushuka Ziwa Nyasa, yakatokea Msumbiji kwa njia ya mito Shire na Zambezi. Wala hatusemi kuwa sumu ya Usangu imefika Pemba. Safari ni ndefu, na bahari ni kubwa. Twasema tu kuwa mtu aoshaye bomba lake mtoni hana haki ya kusema maji yamekwisha kwa sababu yamepita mbele ya macho yake.

Neno hili hatukulitunga sisi. Ilula tulimkuta kijana akisuuza bomba katika mfereji ulio chini ya shamba la nyanya. Alitusalimu vizuri, "Shikamooni wazee wangu," tukamwitikia marahaba. Mzee mmoja katika wajumbe wetu akamwuliza, "Mwanangu, maji haya yanakwenda wapi?"

"Yanakwenda zake, mzee," akajibu yule kijana, akacheka.

"Na mimi ninatoka huko yanakokwenda," akasema mzee wetu.

Kijana aliacha kucheka, akaweka bomba chini, tukazungumza naye muda mrefu. Alitwambia kuwa nyanya ni zao la haraka na wadudu wake ni wengi, na mtu akichelewa kupiga dawa hupoteza shamba zima. Hakuna aliyemwonyesha mahali pengine pa kuoshea. Hatukuona ubaya ndani yake. Tuliona mtu aliyefanya kama tufanyavyo sisi.

Mufindi tulijifunza jambo jengine. Huko hulimwa pareto, na kiwanda cha kuisindika kipo Mafinga. Maua yake hutoa dawa inayoua wadudu upesi na kuvunjika upesi juani, kwa hiyo watu huiona dawa ya upole. Hata hivyo samaki hawaivumilii. Ikiingia mtoni kabla haijavunjika huwadhuru vibaya, ijapokuwa kwa mtu na kuku madhara yake ni machache. Basi mwanachama anayeambiwa dukani kuwa dawa fulani ni ya mimea asidhani kuwa kwa sababu hiyo haina neno kwa pwani.

SAMAKI WA MTERA

Mtera ipo kaskazini ya mji wa Iringa, katika njia ya Dodoma. Tulikaa huko mchana mmoja, tukala perege, na hapo ndipo tulipoanza kupata jibu la swali letu.

Ardhi inapofunikwa na maji ya bwawa jipya, vijidudu vya matopeni huweza kuigeuza zebaki iliyomo ndani yake kuwa namna ya sumu inayoingia mwilini mwa samaki na kukaa. Kwa kupima maji peke yake ni taabu kuigundua, kwa kuwa ndani ya maji ni kidogo mno. Mwilini mwa samaki hujikusanya mwaka baada ya mwaka, na samaki mkubwa alaye wadogo hukusanya zaidi. Hii ndiyo sumu iliyowaangamiza wavuvi wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa wake ulitambuliwa rasmi 1956. Kiwanda kilimwaga zebaki katika ghuba yao, na paka walioshiba samaki walionekana wakitapatapa na kufa.

Wataalamu wawili, Ikingura wa Tanzania na Akagi wa Japani, waliwapima samaki wa mabwawa yetu ya umeme, Mtera na Kidatu yakiwamo, na mwaka 2003 wakatoa taarifa kuwa zebaki iliyomo ni kidogo, chini ya mipaka ya kimataifa. Tunaitaja khabari hii kwa makusudi. Watu wengi hudhani kipimo cha namna hii ni cha kutafutia mkosaji tu. Kumbe shahidi mwema humwachia pia asiye na hatia, na mvuvi wa Mtera aweza kuuza samaki wake bila ya kusingiziwa.

Hao hao wawili, mwaka 2002, walionyesha kuwa ule utandu wa kijivu uotao juu ya magome ya miti hunyonya zebaki ya hewani katika machimbo madogo ya dhahabu ya Tanzania. Wachimbaji huchanganya zebaki na mchanga wa dhahabu, kisha huichoma ikapaa kama moshi. Utandu huo hauna mizizi, chakula chake chote hutoka hewani na mvuani, kwa hiyo kilichomo hewani kimo ndani yake. Mikarafuu yetu imevaa utandu wa namna hiyo, na wengi wetu hukwangua tu na kutupa.

MASHAHIDI WA BAHARINI

Tukiwa njiani kurudi tuliwaona watu wa elimu, na tangu hapo tumesoma. Tulichokifahamu ni kuwa mashahidi hawa wako wa namna mbili. Wako wanaoweka sumu yenyewe mwilini, kama mtu anayeweka risiti sandukuni. Na wako ambao sumu imekwisha pita lakini imeacha kovu, yaani kiungo au kazi fulani ya mwili imeharibika kwa namna inayotambulikana.

Mkubwa wa namna ya kwanza ni chaza, pamoja na kombe. Chaza hana miguu. Alipoota juu ya mzizi wa mkoko ndipo atakapofia, na kutwa huvuta maji na kuyachuja apate chakula, madebe na madebe. Shaba humkusanyikia mpaka nyama yake ikageuka kijani. Mabaki ya DDT hukaa katika mafuta yake. Kwa sababu hii mwaka 1975 mtaalamu wa Marekani, Edward Goldberg, alitoa shauri kuwa chaza na kome watumiwe kama walinzi wa pwani za dunia nzima, na tangu 1986 serikali ya nchi yake imekuwa ikiwapima kwa utaratibu. Kwetu pia, mwaka 2002, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walieleza kuwa wamekuta mabaki ya DDT na dieldrin katika viumbe vya kuliwa vya pwani ya Dar es Salaam. Wazee watakumbuka kuwa DDT ilipulizwa katika nyumba za Unguja na Pemba wakati wa kampeni ya malaria iliyokoma 1968. Dawa hiyo haisahau njia upesi.

Kwa namna ya pili, yaani ya kovu, mfano ulio mashuhuri ni wa konokono wa baharini. Mwaka 1970 ilielezwa kutoka Plymouth, Uingereza, kwamba konokono majike wa hapo wameota kiungo cha kiume. Baadaye ikajulikana kuwa sababu ni rangi ya kupaka matumbo ya vyombo ili visiote kome na majani, yenye dawa ya bati iitwayo tributilitini. Dawa hiyo ni kali kiasi hiki: gramu moja tu katika lita 1,000,000,000 za maji yatosha kuanza kumgeuza konokono. Jike akizidiwa, njia ya mayai huziba, akafa nayo. Kipimo cha maji cha siku zile hakikuweza kuona kitu kidogo hivyo, lakini konokono aliweza.

Katika ghuba ya Arcachon, Ufaransa, rangi hiyo hiyo iliwaharibia wafugaji wa chaza biashara yao: watoto wa chaza hawakushika, na wakubwa waliota magamba manene yenye nyama kidogo. Ufaransa ilianza kuizuia 1982, na chaza wakaanza tena kuzaa vizuri. Uingereza ikaizuia kwa vyombo vidogo 1987. Mkataba wa dunia ukapatikana 2001, ukaanza kutumika 2008. Konokono wamerejea mahali pengi walipokuwa wamekwisha. Wenye mashua nao wasikilize: kabla ya kununua rangi ya kopo lisilo na jina, waulize mna nini ndani.

CHUPA YETU

Sasa turudi kwenye ule mto wa kwetu. Dawa nyingi za wadudu zinazouzwa madukani leo hazikai mwilini kama DDT. Huua na kupotea. Kazi yake ni katika neva. Neva hutuma mjumbe kwenda kwenye msuli, na kipo kimeng'enya, jina lake asetilikolinesterasi, ambacho kazi yake ni kumfuta mjumbe huyo akisha sema neno lake, ili msuli upumzike. Baadhi ya dawa hizo hukifunga kimeng'enya hicho. Mjumbe hafutiki, msuli hautulii, mdudu hutetemeka mpaka akafa. Kimeng'enya hicho chungu anacho, kaa anacho, samaki anacho, na mchumaji aliye juu ya mti anacho vile vile.

Kiumbe aliyepata kiasi kidogo hafi, lakini kimeng'enya chake hupungua nguvu, na huchukua siku nyingi, pengine wiki kadhaa, kurudi kama kilivyokuwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, walimtumia kambare kwa kipimo hiki, na matokeo yao yalitoka 2010. Huchukuliwa kipande cha ubongo au cha msuli, hupimwa nguvu ya kimeng'enya, kisha hulinganishwa na ya kambare asiyeguswa na dawa.

Hapo tulielewa kosa letu. Tulijaza chupa siku ya sita, wakati maji ya mvua yamekwisha kwenda na maji kujaa na kupwa mara mbili kwa siku kumekwisha safisha mkono ule wa bahari. Chupa ilisema kweli: siku ya sita hapakuwa na kitu. Lakini haikuulizwa khabari za siku ya pili, wala haikuweza kuzijua. Lau tungalichukua samaki walio hai na kaa waliosalia, pamoja na wengine kutoka mkono wa mbali usio na mashamba yaliyopigwa dawa, pengine tungalipata jibu la kuwatuliza watu. Huenda jibu lingaliwalaumu waliopiga dawa, na huenda lingaliwatoa lawamani. Sasa hatutalijua, na mitaa miwili inaendelea kununiana.

Yapo mambo ya kutahadhari. Kimeng'enya hupanda na kushuka hata bila ya dawa, kwa joto, kwa maji ya mvua yaliyopunguza chumvi, kwa ukubwa na umri wa samaki. Mtu akipima baada ya msiba tu, bila ya kuwa na kipimo cha kabla, hana cha kulinganishia. Ni kama kupima uzito wa karafuu kavu na kudai zimeibiwa, na hukuzipima zilipoanikwa.

SHAURI LA HALMASHAURI

Kwa hivyo Halmashauri italeta mbele ya mkutano mkuu ujao maneno haya manne, nanyi ndio wa kuamua.

Kwanza, ununuzi wa dawa ya maji moto usimame kwa msimu huu. Tumewasikia wachumaji, wala maumivu yao si mchezo. Lakini chungu huyu si adui tu. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa wadudu, M. J. Way, alimchunguza hapa Zanzibar, na ilionekana kuwa huilinda minazi na mdudu anayefyonza nazi changa zikaanguka. Wenye minazi kati ya mikarafuu, nao ndio wengi wenu, wafikiri watapata nini na watapoteza nini.

Pili, miti iliyozidi iandikishwe kwa Katibu, ili Chama kijue ni mingapi na iko wapi. Wachumaji wa zamani wajipakao jivu mikononi na kuanza kupanda asubuhi mapema wawafundishe vijana. Huenda tukakuta kuwa shida ni ya mashamba machache, wala si ya kisiwa kizima.

Tatu, tuanze sasa, kabla ya mtu yeyote kupiga dawa, kuweka kumbukumbu ya pwani. Tumechagua mahali pawili: ule mkono wa bahari uliopata msiba, na mwengine usio na mashamba hayo juu yake. Kila bamvua watu wale wale wahesabu chaza walio hai na magamba matupu katika eneo lile lile, waandike katika daftari pamoja na khabari za mvua. Kazi hii tumewaomba wanawake waokotao chaza, maana wao ndio waliokuwa wa kwanza kuona, na wao ndio tuliochelewa kuwasikiliza. Kuhesabu hakutoshi kutaja sumu. Kwa vipimo vya mwilini tutaiomba Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyopo Unguja, itushauri.

Nne, asioshe mtu bomba mtoni, liwe la dawa ya mchwa, ya magugu au ya mboga. Maji ya kuoshea yamwagwe shambani kule kule dawa ilikopigwa, mbali na kisima. Chupa tupu zitobolewe, zisitiwe mafuta wala maji ya kunywa. Na ikitokea tena samaki kufa, khabari ije siku hiyo hiyo. Wachukuliwe walio hai na waliokufa, wawekwe katika barafu, iandikwe saa na mahali.

Wale wanachama watatu walikuja wenyewe kwa Katibu baada ya safari yetu, wakataja dawa waliyotumia na siku waliyoipiga. Halmashauri imewashukuru, wala haikuwatoza faini. Mmoja wao amekubali kubeba daftari la mkono ule wa bahari pamoja na wanawake, na bamvua ya kwanza walihesabu pamoja. Walikuta chaza wadogo wameanza kushika katika mizizi ya mikoko. Tumeiandika idadi yao, na bamvua ijayo itaandikwa tena.

Twawatakia msimu mwema na jua la kutosha kwenye majamvi, Inshallah.

Katibu, kwa niaba ya Halmashauri